Bibi Nyuma ya Maua

Mikorosho ya huku shuleni imeanza kuchanua. Jana mchana tulikuwa tunafua, upepo ukageuka, ukaileta harufu yake mpaka kwenye karo. Ni harufu tamu ya chini chini, kama sufuria iliyochemshiwa asali halafu ikaoshwa haraka haraka. Wenzangu hawakuijali. Kwao hiyo ni Nanyamba tu, kila mwaka ndivyo ilivyo, na baadaye itakuja ya salfa ya kupulizia mikorosho, tupige chafya darasa zima. Mimi niliacha shati kwenye povu nikakaa chini. Rafiki yangu wa kitanda cha juu akaniuliza, "Zuhura, vipi tena?" Nikamwambia sabuni imeniingia machoni. Kusema hivyo kulikuwa rahisi kuliko kumwambia kwamba nimemkumbuka mtu ambaye uso wake siukumbuki vizuri, na kwamba kutoukumbuka huko nimejitakia mwenyewe.

Mtu huyo ni Bibi Somoe, bibi yake Mama. Alikuja kukaa kwetu Magomeni, ile ya karibu na Mikindani, nikiwa darasa la nne, majira kama haya, mikorosho ikiwa kwenye maua. Alikuja kwa sababu ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho kushoto na kulia, na Mama alitaka awe karibu na hospitali. Alishuka kwenye bajaji na mkeka wake, kuku mmoja aliyefungwa miguu, na fundo kwenye pindo la kanga. Mimi nilidhani fundo lile ni peremende. Alipolifungua, kikatoka kishada cha maua ya mkorosho kilichonyauka, madogo madogo, weupe unaoingia wekundu. Akaniwekea puani.

"Hili sikulichuma," alisema haraka, kama mtu anayejitetea kwa mwenyekiti wa mtaa. "Lilianguka na upepo. Ua la mkorosho halichumwi, mke mwenzangu. Ukilivunja umevunja korosho ambazo hazijazaliwa. Ua la namna ile unalitazama tu, unanusa, unakwenda zako."

Mke mwenzangu ndilo jina aliloniita tangu siku ile, kwa utani wa bibi na mjukuu. Mama alipocheka, Bibi akaongeza kwamba bahati mbaya mume wetu kesha kufa, kwa hiyo hajui mimi na yeye tutagombania nini, labda huyo kuku.

Mashavuni Bibi alikuwa na mistari. Ilikuwa myeusi kuliko ngozi, imeinuka kidogo, inaanzia karibu na pembe za mdomo, inapanda na kutawanyika kuelekea masikioni. Siku ya kwanza nilijua sababu yake, au nilidhani najua. Alikuwa amelalia mkeka. Mimi mwenyewe nikilala mchana kwenye mkeka huamka na chapa za ukili shavuni, na baada ya kunawa zinafutika. Kwa hiyo nilingoja za Bibi zifutike. Asubuhi ya pili nikachungulia, bado zipo. Siku ya tatu nikamshauri kwa adabu kwamba atandike shuka juu ya mkeka wake, maana unamuumiza uso. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, na alipocheka ndipo nikaliona tundu.

Lilikuwa kwenye mdomo wa juu, katikati. Usichana wake alivaa ndonya pale, kile kipande cha mti cha duara ambacho wanawake wa Kimakonde wa zamani walitoboa mdomo wakakivaa kama pambo. Ndonya yenyewe haikuwepo tena. Lilibaki tundu, na akicheka ungeona jino kupitia pale. Akinywa uji alikuwa analiziba kwa kidole, taratibu, kama mpiga filimbi.

Nilimuuliza Mama jikoni. Akasema ile mistari ni nembo, zamani wasichana walichorwa.

"Alimchora nani?"

"Fundi."

Fundi niliyemjua mimi ni fundi cherehani wa pale sokoni. Siku nzima ile nilikuwa namwona Bibi kichwani mwangu amelaza shavu kwenye cherehani, sindano inapanda na kushuka.

Ingeishia hapo ningekuwa mtoto mjinga tu, wala hakuna ubaya. Lakini jirani yetu Shamila, tuliyesoma naye darasa moja, alikuja kuomba moto akamkuta Bibi barazani anakula ubuyu. Kesho yake tukiwa njiani kwenda shule, mbele ya watu, akaanza.

"Zuhura, eti bibi yenu alipigana na chui?"

Nikakaza mwendo.

"Chui akamwambia subiri, nikutoboe na dirisha mdomoni upate hewa!"

Walicheka wote. Na mimi nikacheka. Naliandika hili kwenye daftari ambalo halisomwi na mtu, na bado mkono unakuwa mzito. Sikucheka kwa kulazimishwa. Nilicheka haraka kuliko wote, ili nisiwe upande wa anayechekwa.

Kuanzia hapo nikawa nampangia Bibi pa kukaa. Barazani kuna jua, Bibi, kaa ndani. Barazani kuna vumbi, Bibi. Naye alikubali, akahamisha mkeka wake chumbani. Mchana nikirudi shule alikuwa ananiita, anashika mkono wangu, anataka kuuweka shavuni kwake. "Pitisha kidole hapa," anasema. "Nikusomeshe." Mara ya kwanza nilisema nina kazi za mwalimu. Mara ya pili nikajifanya nimesinzia. Hapakuwa na mara ya tatu.

Walimtoa mtoto wa jicho la kulia mwezi ule mikrismasi inapoanza kuwaka. Huko kwetu mti ule mwekundu tunauita mkrismasi kwa sababu hauna subira, sikukuu haijafika wenyewe umeshavaa. Mmoja ulikuwepo karibu na uzio wetu, matawi yake yameinama upande wa uani. Siku alipofunguliwa bandeji Bibi alisimama mlangoni, akaukunjia uso mti ule, akasema, "Nani kawasha moto pale juu na nyie mmekaa tu?" Alipojua ni maua, akakaa kuyatazama mpaka adhuhuri. Nilimletea ua moja lililodondoka. Akalihesabu petali kwa kidole, nne nyekundu, akafika ya tano ambayo ni nyeupe ina madoa, akasema, "Huyu wa tano naye kachorwa kama mimi." Sikutaka kusikia habari za kuchorwa. Nikaondoka.

Sasa kule shule ya msingi Mwalimu Neema alikuwa anatutayarishia siku ya wazazi. Alikuwa ametoka Iringa, anapenda kila kitu chenye rangi, na alitaka ukuta wa darasa ujae picha. Kila mmoja alete picha ya mtu wa nyumbani na ua la nyumbani. Mwenye kuchora achore, mwenye kamera apige. Mimi wakati ule nilikuwa sijui kuchora hata yai. Lakini nilikuwa na Mjomba Bakari, kaka yake Mama, mwenye studio ya picha Mikindani, ile yenye pazia lililochorwa mawaridi makubwa ambayo hakuna mtu wa Mikindani aliyewahi kuyaona yameota. Mjomba akakubali kuja Jumapili.

Nilikuwa nimepanga apigwe Mama. Mama akasema, "Mpigeni Bibi. Hana picha hata moja. Ile ya kadi ya kura imefutika kwa jasho, maana anaifunga kwenye kanga kama senti."

Nikanywea. Niliuona ule ukuta wa darasa, na Shamila mbele yake.

Jumapili Bibi alioga kama anayekwenda kuposwa. Akavaa kanga mpya, akapaka mafuta ya nazi usoni, akayasugua mashavuni muda mrefu mpaka mistari ikang'aa. Mjomba akamwekea kigoda chini ya mkrismasi.

"Bibi, cheka kidogo."

"Nikicheka ndege wataingia mdomoni humu."

Mjomba aliangua kicheko, Bibi naye akacheka, na kamera ikalia mara moja. Halafu Bibi akaacha kucheka. Akaweka kiganja shavuni, akakivuta polepole kuelekea sikioni, huku anamtazama Mjomba. Mimi niliona na nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kama nilivyouelewa mkeka. Nilisema moyoni, kumbe na yeye anaona haya. Anatuonyesha anachotaka kifichwe.

Nikakimbia nikavunja tawi. Mkrismasi hauzai cha kuliwa, kwa hiyo niliuvunja bila woga, tawi zima lenye maua ya kujaza beseni. Nikampa Bibi mikononi.

"Shika hivi, Bibi. Juu. Juu kidogo. Hapo hapo."

Nilimpandisha mikono mpaka maua yakafika chini ya macho. Tundu likapotea, mashavu yakapotea.

"We Zuhura," Mjomba akasema, "mbona unamzika bibi yako kwenye maua?"

"Si ndiyo mtindo, Mjomba? Maharusi wako wanafanyaje?"

"Haya bosi," akasema, akapiga picha tatu.

Katika hizo zote tatu Bibi haitazami kamera. Ananitazama mimi.

Nilipata nilichotaka. Mwalimu Neema aliibandika ile nzuri zaidi katikati ya ukuta. Wazazi walisimama mbele yake. Kwa kweli ni picha nzuri, hata leo siwezi kusema uongo: wekundu ule, jicho moja linang'aa, jingine lina ukungu, kivuli cha majani madogo madogo kwenye kipaji. Shamila aliniuliza, "Huyu ni nani?" Nikamwambia, "Ndugu yetu." Hakumjua. Nilipewa madaftari sita na kupigiwa makofi. Bibi hakuwepo. Asubuhi yake aliamka akajifunga ile kanga mpya, akakaa kitandani tayari, na mimi nikamwambia kwamba siku ya wazazi ni ya wazazi, mabibi hawaruhusiwi. Mama alikuwa ameshatangulia kazini, tungekutana shuleni. Bibi akasema, "Sheria ni sheria," akaanza kufungua kanga.

Jioni nikamletea picha. Aliipeleka dirishani kwenye mwanga, akaisogeza, akairudisha. Akapitisha kidole juu ya maua, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anatafuta kitu kilichoangukia humo.

"Mimi niko wapi?"

"Nyuma ya maua, Bibi."

"Ahaa." Akaipangusa picha kwa pindo la kanga. "Basi, maua yamependeza, mke mwenzangu."

Akanirudishia.

Mwezi uliofuata alirudi kijijini kusubiri zamu ya jicho la pili. Zamu haikumkuta. Alifariki katikati ya masika, barabara imekatika, tukafika amekwisha kuzikwa.

Siku ya arobaini wanawake walikaa ukumbini kwa mtoto wa Bibi Somoe, na mdogo wake Bibi, tunayemwita Bibi Mdogo, akawa anahadithia. Yeye hakuchorwa, alizaliwa mwishoni, mambo yale yameshaanza kuachwa. Ndiyo maana alikuwa anayahadithia kwa wivu kabisa. Alisema kwao kulikuwa kule chini Ruvuma inapoingia baharini, kabla hawajahamia juu kwenye korosho. Mama yao alikuwa na mnazi mmoja mlangoni. Somoe alipofika umri wa kuchorwa, fundi, ambaye alikuwa bibi mmoja wa kijiji cha pili, akamuuliza anataka nini. Wenzake walitaka mistari ya kawaida. Somoe akataka ua la mnazi, lile kole linapotoka tu kwenye ganda lake la karara, vijiti vyake vinapotawanyika. Fundi akasema hajawahi kuchora hicho. Somoe akamvuta mkono, akampeleka mpaka chini ya mnazi, akamwambia tazama.

"Alichanjwa mara tatu," Bibi Mdogo alisema. "Ya kwanza haikushika weusi. Wakapaka tena masizi ya mbarika. Hakulia. Alikuwa anauliza tu, limefika sikioni? Limefika? Halafu tukienda kisimani, watu wanasimama kumtazama. Hakuna mwingine mwenye lile. Fundi alikufa, hakumchora mtu mwingine."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango na sinia la vikombe mapajani. Nikalishusha sinia chini.

Kiganja shavuni, kinavutwa polepole mpaka sikioni. Hakuwa anaonyesha kitu cha kufichwa. Alikuwa anamwelekeza mpiga picha pa kupiga.

Mmoja wa shangazi akauliza kama ipo picha yake, walau watoto walione hilo ua. Mama akatoa ile yetu kwenye mkoba. Ikapita mkono kwa mkono. Kila aliyeipokea aliisifia kwanza, halafu akaanza kuyatafuta mashavu. Ilipofika kwa Bibi Mdogo akaitazama sana, akasema, "Nani aliyempa maua haya?"

Mama akasema, "Si Bakari na mitindo yake ya maharusi! Mtu unampelekea bibi mzee, anakufanyia mambo ya studio."

Mjomba Bakari alikuwa amesimama dirishani nje. Alisikia. Alinitazama mara moja tu, halafu akasema, "Ni kweli, nilikosea." Akaenda kusaidia kupasua kuni. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ningeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja.

Tangu hapo nimejifunza kuchora. Wenzangu wananiita fundi, na mimi sipendi, lakini nitawaelezaje? Wananiletea madaftari niwachoree waridi na asumini kwenye majalada. Maua nayaweza. Kitu nisichokiweza ni kimoja tu. Najua kole lilianzia pembe ya mdomo, najua lilipanda. Vijiti vilikuwa vitano au saba? Vilipinda juu au viliinama kwa uzito kama vya mnazi wenyewe? Ningekuwa nimepitisha kidole mara ile moja, kidole kingekumbuka. Bibi Mdogo sasa kumbukumbu zimemchanganyika, kila akiulizwa anachora kingine.

Likizo iliyopita nilikwenda Mikindani kwa Mjomba. Nilimkuta anasafisha lenzi, lile pazia la mawaridi limepauka nyuma yake. Nikamuuliza kama zile picha za Bibi bado anazo kwenye kompyuta, pengine kuna moja ambayo maua yameshuka kidogo, walau sentimita.

"Ninazo tatu, zote uliziona," akasema. Halafu akaongeza, bila ubaya wowote, kama anayekumbuka kichekesho, "Ile nzuri ndiyo uliifutisha."

"Ipi?"

"Ya kwanza. Aliyocheka, ya ndege kuingia mdomoni. Mashavu yote mawili, mafuta yanang'aa, mambo yote. Nikakuonyesha kwenye kioo, ukasema, hiyo mbaya Mjomba, ifute kabla Mama hajaiona. Ukasimama hapo hapo mpaka nikaifuta."

Nilikuwa nimesahau. Naapa nilikuwa nimesahau kabisa. Lakini aliposema tu, nikakiona kile kioo kidogo cha kamera, na kidole chake kinabonyeza, na mimi nimesimama kwa ncha za vidole nihakikishe. Kila kitu nakiona. Isipokuwa picha yenyewe.

"Kwa nini hukumwambia Mama siku ile?" nikamuuliza.

"Ulikuwa mtoto, Zuhura."

"Sasa je?"

Alipuliza lenzi, akaifuta kwa kitambaa, akaniuliza kama nimekula.

Keshokutwa ni Jumapili ya kutembelewa na wazazi. Mama ametuma ujumbe kwa matroni kwamba atakuja, ataniletea karanga na sabuni. Leo asubuhi kabla ya kengele nilizunguka nyuma ya bweni. Upepo ulikuwa umevuma, na chini ya mkorosho wa pili kulikuwa na kishada kimoja, bado hakijanyauka, chungu wamekwisha kukipata. Nimewapuliza, nimekiweka katikati ya ukurasa huu, na karatasi imeshaanza kupata doa.

Mama akifika nitaanza na hiki. Nitamwekea puani kama nilivyowekewa, nitamwambia sikukichuma, kilianguka na upepo. Halafu, kabla hajauliza habari za masomo, nitamwambia lile tawi la mkrismasi nililivunja mimi.